Papa Kaingia Mwanga

Hapa Mwanga, Kigoma, ukikosa intaneti, sababu hukosi. Hujamaliza kusema "mtandao umekata", fundi simu wa jirani ameshatamka kwamba ni upepo wa ziwani. Muuza mawese anasema mnara umelemewa. Mteja aliyekuja kuchapa barua ya kazi anaapa kwamba hata Kasulu umekata, kaambiwa na shemeji yake. Majibu ni ya bure, maana hakuna anayedaiwa ushahidi.

Nilikuwa nashinda kwenye steshenari ya shangazi, karibu na soko la Mwanga. Kazi zetu mnazijua: kutoa kopi, kulaminisha vyeti, kuwajazia vijana fomu za mkopo wa chuo na maombi ya ajira. Huku nikijifunza mitandao kwa kitabu kinene cha kuazima. Kilikuwa na mchoro wa tabaka saba, nimeukariri juu hadi chini na chini hadi juu, lakini ukiniuliza kwa nini kompyuta ya pembeni haifungui tovuti, nilikuwa najibu kama wenzangu: labda upepo.

Tatizo letu lilikuwa na ratiba. Kompyuta iliyowashwa mapema asubuhi inapeta siku nzima. Iliyowashwa baada ya saa tatu haipati kitu, na pale chini kwenye kioo inakwambia imeunganishwa, ila hakuna intaneti. Ijumaa ndiyo ilituchanganya kabisa. Ikikaribia saa saba mchana, watu wakielekea msikitini, ukizima kompyuta na kuiwasha, mtandao unarudi kana kwamba haujawahi kwenda popote. Watu wakitoka msikitini, ukiwasha nyingine, hola. Shangazi akatoa hukumu: ofisi imekosa dua. Akaleta ubani. Ubani ulikuwa mzuri, wateja wakausifia, ila fomu za mkopo hazikwenda.

Rafiki yangu aliyesoma Dar akanipa Wireshark kwenye flashi. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Mmarekani Gerald Combs na kutolewa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal. Mwaka 2006 akahama kazi, jina likabaki kwa mwajiri wake wa zamani, ikabidi atafute jingine. Inakuonyesha kila paketi inayopita kwenye kadi ya mtandao ya kompyuta yako, mstari kwa mstari, kwa rangi. Nembo yake ni pezi la papa, na hapo ndipo palipozuka maneno. Sisi ziwani tuna dagaa, tuna migebuka, tuna kuhe na sangara. Papa tunamsikia kwa watu wa Pwani. Kila aliyeingia dukani aliuliza huyo ni samaki gani na anavuliwa wapi.

Nikabonyeza. Nilitegemea kimya, maana hakuna aliyekuwa akifanya lolote. Ee bwana, mistari ikamwagika! Nani mwenye 192.168.1.1? Amwambie 192.168.1.23. Nani mwenye 192.168.1.40? Amwambie 192.168.1.1. Hiyo ni ARP, itifaki ya mwaka 1982: kompyuta inauliza kwa sauti, kila kifaa kinasikia, anajibu mhusika peke yake. Printa nayo inajitangaza bila kuulizwa. Duka ambalo mimi naliona limepoa, kumbe kwenye waya ni soko siku ya gulio.

Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, alikuwa anasubiri kopi ya kitambulisho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yapo kwenye kioo. "Hizi paketi ndiyo nini, mjukuu wangu?"

Nikamwambia, babu, si unaijua meli ya Liemba? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makreti yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Picha unayotumiwa kwenye simu nayo inasafiri vivyo hivyo: inakatwa vipande, kila kipande kina namba yake, vikifika vinapangwa.

"Na kreti likipotea?"

"Itifaki ya TCP inahakikisha linatumwa tena, babu. Mpokeaji anakiri alichopata. Kisichokiriwa kinatumwa upya."

Akacheka. "Yaani bolti moja ikipotea uiagize tena Ulaya, na vita imeshaanza!"

Kitabu changu kilikuwa na kurasa kadhaa kuhusu tofauti ya TCP na UDP, mzee akazimaliza kwa bolti moja. Ndiyo maana simu ya video kwa kawaida hupita kwenye UDP: kipande kikipotea kimepotea, uso unakwama kidogo, maongezi yanaendelea. Hakuna anayengoja bolti.

Habari za papa zikavuka barabara. Mama mmoja muuza vitenge akaja, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nasikia una kitu kinaona meseji za watu. Nitazamie simu ya baba watoto."

Nikamweleza mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa, na mimi sina haja ya kula Idi gereza la Bangwe. Pili, ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa msimbo kutoka simu hii hadi ile. Hata kama baba watoto angekuwa ameketi hapa kwenye waifai yetu, ningeona tu kwamba kitu kimepita, saa ngapi na kina ukubwa gani. Maneno yenyewe siyaoni.

Mama akanitazama kwa huruma. "Sasa huyo papa wako anakula nini?"

Alikula DHCP. Kompyuta ikiwaka haina anwani, kwa hiyo inauliza wote: nani atanipa? Seva inatoa ofa, kompyuta inaiomba ile ofa, seva inathibitisha. Nikaandika "dhcp" kwenye kichujio (kitabu, kwa ukale wake, kilinielekeza "bootp", jina lililoachwa toleo la 3.0 la mwaka 2019), nikazima kadi ya mtandao na kuiwasha. Likatoka swali moja. Zikarudi ofa mbili.

Mbili! Ya kwanza ilitoka 192.168.0.1, ambaye simjui. Ya pili ilitoka kwa ruta yetu, 192.168.1.1, imechelewa kidogo tu. Kompyuta kwa kawaida haina simile, inamshika aliyewahi. Na aliyewahi alikuwa anagawa anwani kwa ukarimu mkubwa, wakati yeye mwenyewe hana njia ya kutoka nje. Nikaifungua ile paketi nitazame anwani ya MAC. Nusu yake ya mwanzo humtambulisha mtengenezaji, na Wireshark humwandika kwa jina. Dukani hatukuwa na kifaa hata kimoja cha kampuni hiyo.

Nikaufuata waya kutoka kwenye swichi, ukapenya ukuta, ukanifikisha kwa kinyozi. Shangazi alikuwa anamgawia intaneti kwa malipo ya mwezi. Juu ya kioo chake kulikuwa na ruta ya mtumba yenye matundu matano. Moja limetengwa kwa ajili ya waya unaoingia. Waya wetu ulikuwa kwenye mojawapo ya yale mengine manne, kwa sababu, alivyonieleza huku akiendelea kunyoa, lile la peke yake limelegea. Anafungua saa tatu. Ijumaa anazima kila kitu aende kuswali, akirudi anawasha. "Hata yangu inasumbua," akalalamika, "nikajua ni nyinyi."

Nikazima ugawaji wa anwani kwenye ruta yake, nikaibadilishia na anwani yenyewe, ikabaki kusambaza waifai tu. Fomu za mkopo zikaenda jioni ile ile. Shangazi anashikilia mpaka leo kwamba ubani ulifanya kazi, ila ulichelewa.

Basi ndugu zangu wenye vibanda, wa Mwanga, wa Ujiji na wa Kibirizi: ukinunua ruta ya mtumba, waya unaoingia uchomeke kwenye lile tundu la peke yake. Likiwa limelegea, njoo dukani kabla hujachomeka kwingine, nikuzimie DHCP. Bei yangu ni kunyolewa. Kama hunyoi, tutaelewana.