Umeme wa Kuazima

Baba watoto aliponunua trela la kulala alituhakikishia kwamba mambo ya umeme wa kupanda na kushuka tulishayaacha Tanga. Trela lenyewe ni nyumba kamili: vyumba viwili, jiko, friji, mikrowevu, na viyoyozi viwili juu ya paa, maana jua la Texas mwezi wa saba halina mjadala. Unalikokota kwa pikapu hadi kambini, unachomeka waya wake mnene kwenye kinguzo kilichosimama kando ya kiwanja chako, mambo yamekwisha.

Mama mkwe, aliyekuja Houston kuona wajukuu, alikitazama kile kinguzo kama posa iliyoletwa bila wazee.

"Umeme wa humo nani kaupima?"

"Mama, hapa Marekani."

"Nimeuliza nani kaupima. Sikuuliza tuko wapi."

Baba watoto akacheka, akasukuma plagi. Soketi ilikuwa imelegea, na tundu moja lilikuwa na weusi ubavuni. Mama mkwe aliuona ule weusi, akanionyesha kwa kidevu. Nami nikamwonyesha mwanawe, naye akasema ni vumbi.

Hadi alasiri mambo yalikuwa shwari. Watoto walikuwa mtoni, pilau jikoni. Kiyoyozi cha sebuleni kilipoanza kuvuta kwa nguvu, kikaguna, kikapunguza mwendo kama kinataka kuzimika. Wakati huohuo namba za saa ya mikrowevu zikang'aa kupita kiasi, feni ndogo ya mezani ikaanza kuvuma, kisha paa! Harufu ya plastiki ikaifunika harufu ya bizari.

"Zima! Nyutro imekatika!"

Huyo alikuwa Mama mkwe, tayari yuko mlangoni, kanga kiunoni. Baba watoto alikuwa angali anatafuta rimoti ya kiyoyozi. Bibi wa watu akafika kwenye kinguzo, akafungua kifuniko, akashusha breka kwa mkono mmoja, akarudi kuangalia pilau lake.

Jambo hilo alilijua vizuri. Mtaani kwao nyutro iliwahi kukatika juu ya nguzo, na friji za majirani zikaungua usiku mmoja. Tangu hapo haingii umeme mpya bila kuuhoji.

Jirani yetu wa kambini, mzee mstaafu ambaye amezunguka na trela lake miaka mingi, alikuja na mita, akachomoa plagi yetu, akairudisha breka na kupima soketi. Kati ya waya mbili za moto ilisoma volti 240, sawasawa. Lakini kila waya wa moto ukipimwa na nyutro ungepaswa kutoa 120, na hapo namba zikawa zinatangatanga tu.

Akatueleza. Trela kama letu hutumia plagi ya ampea 50 yenye miguu minne: miwili ya moto, mmoja wa nyutro, mmoja wa ethi. Vyombo vimegawanywa pande mbili, kila upande na volti zake 120, na nyutro ndiyo inayoushikilia mgawanyo huo. Ikilegea, vyombo vya pande zote mbili vinajikuta vimefuatana kwenye mstari mmoja wa volti 240. Chenye njaa kubwa, mfano kiyoyozi, kinabakiwa na volti chache na kuanza kuguna. Kilicho kidogo kinabebeshwa zote zilizobaki. Ndiyo maana mikrowevu ilikufa, na ile chaja inayojaza betri ya trela ikaifuata. Runinga na chaja za simu zilisalimika, kwa kuwa nyingi za siku hizi hupokea volti 100 hadi 240 bila kulalamika.

"Na hiyo bado ni bahati," mzee akasema. Ethi ikikosekana, na waya fulani ukavuja, bati zima la trela linaweza kuwa na umeme. Mtoto anayetoka mtoni akiwa pekupeku, mkono mbichi kwenye kitasa, ndiye atakayeupata. Hapo Mama mkwe hakusema neno. Alikwenda kuwaita wajukuu.

Mjadala wa kununua kinga ya umeme ulichukua safari nzima ya kurudi. Baba watoto alitaka ile ya bei nafuu. Lakini ya bei nafuu kazi yake ni kumeza mshtuko wa ghafla, kama wa radi. Volti zikipungua taratibu au nyutro ikitoweka, inatazama tu. Inayofaa ni ile inayozikagua waya zote kwanza, na kukata umeme volti zikishuka chini ya 104 au zikipanda juu ya 132. Bei yake ni zaidi ya dola 300. Baba watoto akaguna kuliko kiyoyozi.

Ilipofika, Mama mkwe aliona inachelewa makusudi kama dakika mbili kabla ya kuruhusu umeme, ili kompresa ipumzike. Akaigeuzageuza mkononi.

"Hii si friji gadi? Ninayo kwangu, nyuma ya friji, tangu mlipokuwa wadogo."

Kambi iliyofuata, utaratibu ukawa wa kwake. Breka ya kinguzo izimwe kwanza. Soketi itazamwe: ikiwa na weusi au inachezacheza, hatuchomeki. Kinga itangulie peke yake, breka iwashwe ili kinga isome. Ikiridhika, breka izimwe tena ndipo trela liungwe. Kinga ikakataa: volti 101, kambi imejaa na kila mtu kawasha kiyoyozi. Baba watoto akapendekeza tuiruke, kwa kuwa kiwanja tumeshakilipia. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa mbele ya kinguzo hadi mwanawe alipokwenda ofisini kuomba kiwanja kingine.

Sasa amerudi Tanga, lakini kila tukisafiri simu inaita kabla hatujashusha mizigo.

"Umepima?"

"Nimepima, Mama. Mia moja na kumi na tisa."

"Haya. Nipe mkaza mwana."