Barua kwa Mtunza Takwimu za Uhalifu

Kwa Ndugu Mtunza Takwimu za Uhalifu,
Makao Makuu ya Jeshi la Polisi,
Dodoma.

Yah: Mchango wa wakazi wa Buguruni katika kupunguza uhalifu

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua kazi ya kukaa na wenzako wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mkaandaa taarifa ya matukio ya uhalifu na usalama barabarani, si ya kitoto. Lakini kila inapotangazwa kwamba uhalifu umepungua, pongezi wanagawana makamanda, na sisi tuliofanya kazi yenyewe hatutajwi hata kwa bahati mbaya. Barua hii inadai jasho letu.

Kwenye daftari lako, kosa huzaliwa siku linaporipotiwa. Lisiporipotiwa, halikutokea. Tulipolielewa hilo, wakazi wa Malapa, Madenge, Mnyamani na kwingineko tuliacha kuripoti, na mambo yakatulia ghafla.

Chukua foleni ya jioni pale Sheli, Barabara ya Mandela inapokutana na Uhuru. Daladala ya Gongo la Mboto imesimama, joto kali, vioo vyote wazi. Dada wa siti ya dirishani anasoma ujumbe. Mkono unaingia, simu inatoka, kijana anakatiza katikati ya malori na kuyeyuka. Konda anafoka, "Si nilisema mfunge vioo?" Abiria wanampa dada pole, halafu wanamsema, na gari likifika Tazara wameshahamia kwenye Simba na Yanga. Kesho yake dada anataka kurudisha laini yake, anaambiwa alete karatasi ya polisi. Anajaza fomu ya mali iliyopotea, siku hizi hata mtandaoni inajazwa, na humo simu haikuporwa na mtu. Imepotea. Jana jioni mjini kulikuwa na mporaji mmoja. Kufika saa nne asubuhi amebaki mwanamke mzembe asiyejua kutunza vitu vyake. Niambie, ni kamanda gani amewahi kufuta unyang'anyi haraka namna hiyo?

Wapo wakaidi. Jirani yangu alivunjiwa mlango, wakabeba televisheni na mtungi wa gesi ukiwa na moto wa ugali bado. Badala ya kununua kitasa kipya kama watu wazima wenzake, akaenda kituoni. Kituo sikitaji, nisije nikakuharibia takwimu kwa kosa la kashfa. Akaambiwa gari lipo ila mafuta hakuna. Akatoa ya mafuta. Akaambiwa alete karatasi za kuandikia maelezo. Akanunua. Akaulizwa anamshuku nani, akamtaja, akachukuliwa. Ukutani palikuwa na tangazo kwamba dhamana ni bure, na kweli ni bure: wiki ile ile alimkuta mshukiwa wake Soko la Buguruni akichagua mananasi. Wakasalimiana vizuri tu. Tangu siku hiyo jirani naye ni mwenzetu katika mapambano dhidi ya uhalifu.

Usidhani tumekaa bure. Mita za maji tumezijengea vibanda vya zege na kufuli, kwa sababu mita ikiwekwa wazi inapimwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla haijasomwa. Mwenye gari anachora namba yake kwenye vioo vya pembeni na taa, ili vikienda kuuzwa Gerezani asiuziwe vya mtu mwingine. Ulinzi shirikishi tunauchangia kila mwezi. Vijana wanapita na filimbi, wanaipuliza kwa nguvu ili mwizi ajue wako mtaa gani naye aende mwingine. Wanaorudi usiku kutoka Kariakoo wanabeba simu mbili: ya kweli imefichwa ndani ya nguo, na kitochi mkononi, hicho ndicho cha kukabidhi. Asiye na kitochi akikutana na wakabaji bila chochote cha kuwapa, anachezea kipigo cha kuwapotezea muda.

Kariakoo yenyewe, tunashukuru, mwaka 2025 imewekewa taa na kamera ili biashara ifanyike saa 24. Bidhaa sasa zinalala kwenye mwanga. Muuzaji ndiye anayekata vichochoro vya Buguruni gizani, na kwa kuwa kule hakuna kamera, hakuna pia picha za kuwasumbua wapelelezi.

Nakiri kuna siku tulikuangusha. Tarehe 2 Januari 2015 vijana wa genge la Panya Road walipotia jiji kiwewe, maduka yakafungwa na watu wakakimbia hovyo, tulipiga kelele mno. Septemba 2022 walipoibuka tena, vivyo hivyo. Jambo likishafika redioni haliwezi tena kuwa "limepotea".

Na kuna lile ambalo hatujapata namna ya kulipunguza. Mtu akishakata tamaa na kituo, ukelele wa "mwizi!" unakuwa hukumu. Matofali yanatoka, tairi linatoka, na kijana ambaye pengine aliiba, pengine alikuwa anakimbilia daladala, anauawa saa tano asubuhi mbele ya watoto wa shule. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimewahi kuhesabu mamia ya vifo vya namna hii kwa mwaka mmoja. Hili linaingia daftarini kwa sababu mwili upo barabarani na hauna pa kufichwa. Waliofanya wanaandikwa "wananchi wenye hasira kali", ambao kwa hesabu yangu ndio kundi kubwa la wauaji nchini na hakuna anayejua wanakaa wapi. Mimi najua. Baadhi nanunua kwao mkaa.

Sasa la tahadhari. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, katika taarifa yake ya Julai 2023, ilipendekeza jeshi lenu ligeuzwe kuwa huduma. Pia kuna ule mpango wa mkaguzi wa polisi kila kata. Tafadhali viangalie kwa jicho kali. Ikitokea huyo mkaguzi akapokea simu, akaja kwa miguu, akaandika kwa kalamu yake mwenyewe, dada wa Sheli ataanza kusema aliporwa. Jirani yangu atarudi na mlango wake. Watafuata wa mita, wa vioo, wa vitochi. Mwaka wa kwanza Buguruni itaonekana imegeuka machinjio, na wewe ndiye utakayeitwa kujieleza.

Kama bado utapenda kututumia cheti cha pongezi, kije bila fremu. Ya alumini inauzika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Buguruni (jina nimelipoteza, fomu nimejaza).

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, fundi grili.