Sifa za Kadi ya Jina

Msimu wa karafuu unapowadia kisiwani Pemba, na watu wa Wawi wakakaa usiku mbele ya nyumba zao kuzichambua zile walizozichuma mchana, kila kiganja huwa hakimu: karafuu hutupwa upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule, na mazungumzo yote, tangu bei hadi harusi zitakazofuata mavuno, huwa ni ya karafuu. Sijapata kumsikia malenga aliyeyatungia makonyo japo ubeti mmoja. Walakini ni hapa hapa Wawi, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Chake Chake, kilipo kiwanda kinachoyakusanya makonyo hayo, kikayapika kwa mvuke na kuyatoa mafuta ambayo harufu yake humfanya mpita njia ageuze shingo. Na mimi niliyekua nikiinusa harufu hiyo kila upepo ulipogeuka, kisha nikautumia umri wangu katika ukutubi, nimeona si insafu kufa kabla sijalitolea sifa konyo la kazi yangu mwenyewe, nalo ni kadi ya jina.

Asiyeijua kadi hiyo halaumiwi, kwani imeumbwa isijulikane. Kadi ya kitabu humtumikia msomaji mbele ya macho yake, ikamwambia kitabu kinaitwaje na kipo rafu gani, naye akashukuru. Kadi ya jina hukaa nyuma ya pazia, zamani katika droo la mkutubi, juu ya karatasi nene ya sentimita 7.5 kwa 12.5, na siku hizi ndani ya tumbo la kompyuta, ikitunza mambo manne: jina lililochaguliwa kuwa ndilo, majina mengine ya mtu yule yule yaliyokosa bahati ya kuchaguliwa, kila moja likiwa limefungiwa neno "tazama" ili limwelekeze mtu kwa lile lililoshinda, ushahidi wa kitabu ambamo jina hilo lilionekana, na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, ili mwenye jina asije akabebeshwa vitabu vya somo yake. Kadi moja ya namna hii huweza kummalizia mtu asubuhi nzima, na ikifika adhuhuri hakuna kitabu kilichosomwa, wala rafu iliyopangwa, wala mgeni aliyehudumiwa. Ni kazi gani nyingine ya halali iwezayo kujisifu kwa usafi kama huu?

Nasaba yake ni tukufu. Mwaka 1876 Charles Cutter wa Marekani alitoa kanuni zake za katalogi, akahukumu kwamba haitoshi katalogi kumpatia mtu kitabu ambacho mwandishi wake anamjua, bali yapasa pia imwoneshe vitabu vyote vya mwandishi huyo vilivyomo maktabani. Na neno hilo "vyote" ndilo lililotutia sisi katika taabu hii njema, maana huwezi kukusanya vyote vya mtu kabla hujajua mtu mwenyewe ni nani. Oktoba 1961 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Paris, wakaafikiana kwamba mwandishi aitwe kwa jina analotajwa nalo mara nyingi zaidi katika matoleo ya vitabu vyake, na kwamba neno la kutangulia katika jina hilo liamuliwe, kadiri iwezekanavyo, kwa ada ya nchi yake mwenyewe. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ikafungua ofisi yake Nairobi ili kukusanya vitabu vya upande wetu huu wa dunia; na hivyo majina tuliyopewa na bibi zetu kwa kunong'onezwa sikioni yakaanza safari ya kuvuka bahari yakiwa yamefungwa katika makasha.

Fadhila yake ya kwanza ni kuwaenzi mababu kupita tunavyowaenzi sisi. Mpemba huitwa kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, na hilo la tatu si la ukoo kama lilivyo la Mwingereza, bali ni la mtu mmoja maalumu ambaye kaburi lake lajulikana lilipo. Sasa mtazame marehemu Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943 na kufariki mwaka 2021, ambaye kisiwani hapa hapakuwa na mtoto asiyemjua kwa jina la Maalim Seif: mtafute katika faharasa ya kitabu kilichochapwa Ulaya, nawe utaipekua herufi S mpaka mwisho usimwone, kwani amewekwa kwenye H, nyuma ya Hamad. Sisi tulidhani kumtaja babu wa tatu katika orodha ni heshima ya kutosha. Mazoea ya huko yamemtanguliza mbele ya mjukuu wake aliyejulikana dunia nzima, yakamfikisha katika miji ambayo hapana jamaa aliyepata kumwombea dua ndani yake.

Fadhila ya pili ni uadilifu baina ya wenye majina yanayofanana, na katika ilimu hii Wawi ni madrasa kubwa. Kwa kuwa ni ada yetu mjukuu kupewa jina la babu yake, Ali humzaa Hamad, Hamad akamzaa Ali, na Ali yule akamzaa Hamad mwengine, hata ukoo ukawa mfano wa mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi mbili, nyeupe ikizama nyekundu huchomoza. Sisi wenyewe hatupotei, maana twasema "Hamad wa chini ya mwembe" na "Hamad mwenye baiskeli", na mambo yakawa wazi. Lakini mwembe na baiskeli haviandikwi juu ya jalada la kitabu. Basi zamani ilikuwa ruhusa kwa mkutubi, akikosa dalili ya kuwatenga, kuwatia wenye jina moja katika kadi moja ya shirika, ambamo mtaalamu wa magonjwa ya ng'ombe, mtunzi wa mashairi ya mapenzi na mfasiri wa vitabu vya fikihi walikula chungu kimoja pasina kujuana. Ikitokea siku mkutubi akapata mwaka wa kuzaliwa wa mmoja wao, humtoa, akamjengea kadi yake peke yake, naye huhamia huko na vitabu vyake vyote bila ya kuhisi kwamba amehama. Sijui wakala wa nyumba, mjini wala shamba, afanyaye kazi hiyo bila ya ujira.

Fadhila ya tatu ni ukarimu, kwa sababu kadi humruhusu mtu kuwa na majina mengi, nayo ikayahifadhi yote, hata yale ambayo mwenyewe angependa yasahaulike. Said Ahmed Mohamed, aliyetupa riwaya ya *Utengano* mwaka 1980, ndiye yule yule Said A. M. Khamis anayetia saini makala za kitaalamu kuhusu fasihi ya Kiswahili. Asiyekuwa na kadi atasoma riwaya za mmoja na uhakiki wa mwengine, akastaajabu jinsi watu wawili wasiojuana wanavyoafikiana. Salme binti Said, mtoto wa Sultani, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alifariki Ujerumani mwaka 1924 akiitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 zahitaji kadi iliyo tayari kupiga hodi katika nyumba zote mbili. Hamed bin Muhammed el Murjebi alikufa mwaka 1905 akiwa amekwisha kufunikwa na lakabu ya Tippu Tip, nayo wazungu waliiandika kila mmoja kwa sikio lake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, na heshima ya sauti yake ikamvisha jina la Siti. Kadi yataka yote mawili, la unyonge na la utukufu, kwa wino mmoja. Nasi Wapemba tunaye wetu, malenga Ali bin Said bin Rashid Jahadhmiy, jina refu lenye adabu zote, ambalo ukilitamka barazani watu watakutazama kama mgeni, mpaka pale utakaposema "Kamange", ndipo kila mzee akae sawa na kukutolea beti.

Fadhila ya nne, nayo ndiyo nzito, ni subira. Mwandishi aliye hai huandikiwa mwaka wake wa kuzaliwa, kisha kistari, kisha uwazi. Na kistari hicho humsubiri bila ya kumharakisha wala kumsahau, kama vile mwenye nyumba anavyoacha mlango haujakomewa kwa ajili ya aliyekwenda dago. Siku ya siku mkutubi huirejea kadi, akaujaza uwazi, akatia ushahidi wake, akaifunga. Mimi nami niliwahi kuujaza. Katika maktaba moja, ambayo jina lake naomba radhi kulificha ilhali nahubiri majina kamili, nilisoma tanzia gazetini, nikainua kalamu kwa huzuni ya kikazi, nikamwandikia mwandishi mmoja mwaka wake wa kufa. Baada ya wiki tatu marehemu alisimama mbele ya meza yangu, kanzu imepigwa pasi, akirudisha kitabu kilichochelewa. Aliyefariki alikuwa somo yake. Nilimpokea kwa bashasha iliyomtia shaka, nikamsamehe faini, na alipokwisha kutoka nikaichukua kadi yake, nikaikwangua ile tarakimu kwa wembe, taratibu, nisiitoboe karatasi, mpaka kikabaki kistari peke yake. Alipata umri mrefu baada ya hapo. Sikumwambia, lakini kila nilipomwona sokoni nilimtangulia kwa salamu, na tangu siku ile sikupata tena kuandika neno juu ya mtu bila ya kuandika chini yake nimelipata wapi.

Wapo wanaoidharau kadi hii, na hoja zao ni mbili. Ya kwanza ni kwamba haimalizwi, na hiyo ni kweli: mwandishi huoa au kuolewa, huhiji akarudi na "Alhaji", hupata udaktari, hubadili mchapishaji ambaye naye humbadilishia tahajia, na kila mara kadi hurudishwa mezani ikasahihishwa. Lakini ni nani amlaumuye mkulima kwa kuwa magugu ya mwaka jana si ya mwaka huu? Ya pili ni kwamba siku hizi mashine inatafuta yenyewe. Mashine, wallahi, ni mtumishi mtiifu, lakini inajua herufi tu, haimjui mtu. Iandikie jina la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwa namna moja, nayo itawaacha nje waja wote walioandikwa Mohamed, Mohammed, Muhammed na Muhamad, waliokuwa wanne kwa herufi na pengine mmoja kwa nafsi. Iandikie Pemba, nayo itakuletea kwa nidhamu kubwa kisiwa chetu pamoja na mji wa Pemba wa Msumbiji, ule ambao Wareno waliuita Porto Amélia, ikaziandaa habari za bandari hiyo na za mikarafuu yetu katika sahani moja. Yule anayeikataza isifanye hivyo ni mtu aliyekaa asubuhi moja akaandika kadi.

Na kama kuna aliyedhani kwamba haya yote ni dhihaka, basi na aitazame kwa upole ile hukumu ya Paris. Wenye elimu yao walikiri kwamba ada ya watu wenyewe ndiyo itakayoamua, na hivyo haki tulikwisha kupewa tangu mwaka 1961. Ila haki hiyo ni sawa na hundi isiyopelekwa benki. Mkutubi aliye mbali hana nia mbaya nasi. Ana jalada mbele yake, na juu ya jalada maneno matatu, na hapana mtu aliyemwambia lipi ni la mtu, lipi la baba, lipi la babu. Naye kwa kuwa kwao la mwisho ndilo la ukoo, hulitwaa la mwisho. Walionyamaza ni sisi, tunaochapa vitabu bila ya mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi, tunaojiita kwa majina matatu katika kitabu cha kwanza, mawili katika cha pili, na katika cha tatu herufi mbili na nukta, kisha tukakasirika tunapojikuta tumegawanywa katika droo tatu kama urithi.

Kwa hiyo, ewe msomaji wa Wawi, au wa Wete, au wa popote ufikiwapo na waraka huu, ikiwa Mungu amekujaalia kuandika kitabu, lichague jina lako wewe mwenyewe kabla hujachaguliwa. Liandike kwa ukamilifu, kwa tahajia moja, katika kila kitabu utakachokitoa. Na nyuma ya ukurasa wa jina weka mwaka uliozaliwa na mstari mmoja wa kueleza ni neno gani litangulie. Hayo tu ndiyo tunayokuomba. Kistari chako tutakitunza sisi.