Kamusi Iliyoliwa na Mchwa

Mpwa wangu anaendesha tuktuk steji ya Kona ya Musa, na Kiingereza chake cha kuongea na wageni amekipata kwenye kamusi aliyoikuta uvunguni mwa kitanda cha marehemu babu yake. Mchwa walimtangulia. Kurasa za mkono wa kushoto walikula maneno wakaacha maana. Za mkono wa kulia wakaacha maneno, wakala miisho ya maana. Kijana akaona nusu shari, akakariri vilivyobaki.

Si kamusi ya mchezo. Ni ya ukoo wa Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, aliyeona haifai mwanafunzi atafute neno moja gumu akutane na matatu magumu zaidi. Mwaka 1935, yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo kama 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mazito. Samuel Johnson, mwaka 1755, alilifafanua neno “network”, yaani kitu kilichofumwa kama wavu, kwa namna ambayo mvuvi wa Msambweni angeisoma akaanza kuutilia shaka wavu wake mwenyewe.

Basi kijana ana maana tele; majina ndiyo haba. Juzi alimpakia mama wa Kijerumani kwenda Diani, nyani akashuka mtini, macho kwenye mfuko wa ndizi. Neno la tumbili analijua tangu darasa la kwanza, lakini nyani si tumbili, na tangu apate kamusi hataki kukosea. Akaanza, kwa Kiingereza safi: mama, tahadhari, kuna mnyama mkubwa wa jamii ya tumbili, mwenye pua ndefu kama ya mbwa, apatikanaye Afrika... Alipofika Afrika, nyani alikuwa anamenya ndizi ya pili.

Mgeni mwingine akasahau ndani ya tuktuk lile bomba wanalokwenda nalo Kisite kutazamia samaki. Kijana akampigia simu: umeacha mrija ambao ncha moja hutiwa mdomoni na nyingine hubaki juu ya maji. Mgeni akajibu kwa ukali kwamba yeye shisha havuti, na anajua Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017.

“Si ungemtajia jina lake tu?” nikamwuliza.

“Mjomba, hilo liko ukurasa wa kushoto.”

Hata hivyo namtetea. Sisi tulichapwa hadi tukajua maneno tusiyoyaelewa. Yeye anaelewa asivyoweza kuvitaja. Ukituunganisha, unapata Mwingereza mmoja mzima.

Wiki iliyopita alisimamishwa kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Afande akataka leseni, tena kwa Kiingereza. Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, akajibu kwamba kwa bahati mbaya hati rasmi imwonyeshayo mtu kuwa ana ruhusa ya kufanya jambo fulani imebaki nyumbani.

Afande akamtazama kitambo. Kumbe naye ni wa kamusi ile ile, tena nakala nzima.

“Basi tangulia,” akasema, “kwenye jengo wanamowekwa watu wakingoja kufikishwa mbele ya hakimu.”

Kijana alinipigia simu akiwa huko. Jina la jengo alilitaja moja kwa moja.