Mahali pa Kuvua Kanda ya Ziwa, na Ajali za Kila Mahali

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na zaidi kidogo ya nusu yake imo Tanzania, katika mikoa ya Mara, Simiyu, Mwanza, Geita na Kagera. Samaki hawakosekani humo. Wanaokosekana ni samaki kwenye ndoana ya mvuvi wa wikiendi, yaani mfanyakazi wa mjini aliyenunua mshipi Ijumaa jioni na Jumamosi alfajiri akawa tayari anatoa ushauri. Kila mahali pa kuvulia pana samaki wake na pana ajali yake. Samaki huweza kuchelewa, ajali huwahi.

Mahali pa kwanza ni kwenye miamba. Mawe yaliyoipamba Mwanza huendelea chini ya maji, kuanzia Capri Point hadi Jiwe la Bismarck na kwingineko. Hapo huishi furu, samaki wadogo ambao aina zao nyingi zilitoweka ziwani baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Furu wa miambani walisalimika zaidi, kwa kuwa sangara mkubwa hapenyi kwenye nyufa. Ndoana hupenya. Mvuvi mgeni akiona mshipi umekaza, huita mashahidi, huegemea nyuma, huvuta, na kutaja kilo za samaki ambaye hajamwona. Jiwe halina haraka. Hatimaye mshipi hukatika, mvuvi huketi mahali asipokusudia kuketi, na furu humalizia chambo kwa utulivu.

Mahali pa pili ni kwenye matete na mafunjo, hasa karibu na midomo ya mito kama Mara na Simiyu. Maji ya humo yana matope mengi na hewa kidogo, jambo lisilomsumbua kambare, wala kamongo, ambaye ana mapafu na hupanda juu kuvuta pumzi. Wavuvi wazoefu humpiga kamongo rungu la kichwa kabla hawajamwingiza chomboni. Mgeni humlaza chini ya mtumbwi na kumsubiri afe. Kamongo naye husubiri. Nusu saa baadaye mgeni hunyoosha mkono kutafuta chupa yake ya maji, na taya zilizozoea kuvunja konokono hukutana na kidole. Mtumbwi mdogo huwatosha watu wawili na samaki mmoja, mpaka watu wote wawili wanapotaka kukaa upande mmoja.

Mahali pa tatu ni Ghuba la Speke, lililopewa jina la John Hanning Speke. Mwingereza huyo alilifikia ziwa mwaka 1858 upande wa Mwanza, akalitazama kwa siku chache, kisha akatangaza kuwa ndilo chanzo cha Nile. Alipatia, na tangu hapo wageni wamekuwa wakitoa hukumu kubwa baada ya kulitazama ziwa kidogo. Maji mafupi ya kando ya ghuba yana sato, na mgeni hupenda kutia nanga nyuma ya magugu maji kwa sababu ni kimya. Mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na magugu nayo husafiri. Ghafla njia ya kurudi mwaloni inakuwa bustani. Mgeni huwaona watu wa ufukweni, huzungumza nao, huwasikia wakicheka; kufika ndiko hakuwezekani.

Mahali pa nne ni kwenye kina, kuzunguka visiwa vya Ukerewe na Ukara, kwa anayemtaka sangara. Samaki huyu huweza kuzidi kilo 100, na wavuvi wa burudani humtafuta kwa kukokota chambo bandia nyuma ya mashua ya injini. Ajali ya hapa ni injini yenyewe, ambayo huzimika mbali na kisiwa chochote, na kasia likatajwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akipatikana sangara, hufuata suala la kipimo: sheria hairuhusu sangara wa chini ya sentimita 50 wala sato wa chini ya sentimita 25. Samaki hurefuka sana mvuvi anaposimulia na hufupika sana ofisa wa uvuvi anapotoa rula.

Mahali pa tano hapamo kwenye ramani: ni popote penye giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za betri na sola. Mwanga huvuta dagaa, na huvuta pia wadudu wa ziwa, ambao huinuka juu ya maji kwa mawingu mazito. Mgeni akifungua mdomo kuuliza dagaa wanakuja lini, hushiba kabla ya kujibiwa. Siku za mbalamwezi taa hazina nguvu, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mgeni huchagua usiku huohuo kwa sababu unaonyesha vizuri. Isitoshe, dhoruba nyingi za ziwa hili huumbika usiku, kwa hiyo wingu jeusi si la kupigia picha.

Mahali pa sita ni Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi, na wa burudani huhitaji kibali. Viboko na mamba hawana kibali, lakini hakuna anayewauliza, na ndiyo maana watu huvua wakiwa ndani ya mashua badala ya kusimama ufukweni. Ajali ya Rubondo hutokea wakati wa picha: mgeni humwinua samaki, samaki hupiga mkia mara moja tu, na picha hutoka ikionyesha mikono miwili mitupu.

Mahali pa mwisho, palipo na uhakika kuliko pote, ni sokoni. Hata hivyo mvuvi aliyekosa achague soko kwa akili. Mwaloni Kirumba, Mwanza, panajulikana sana kwa samaki wakavu: dagaa, na kayabo, yaani sangara wa chumvi anayesafirishwa mpaka Kongo. Kuna wanaume waliofika nyumbani na kayabo wakiapa kuwa wamemvua asubuhi hiyo.

Basi, msomaji unayepanga kwenda: vaa jaketi okozi hata wakikucheka, uliza habari za upepo kabla ya habari za samaki, na usimwahidi mtu kitoweo.