Una Jogoo, Baba?

Simu inalia tena. Najua ni picha ya jogoo, maana tangu alfajiri nimetumiwa picha kumi na mbili, na moja amevalishwa suti.

Jana saa tatu usiku niliuliza swali kwenye kundi letu la WhatsApp la wafugaji wa kuku. Kundi moja huweza kubeba watu 1,024 na letu halina nafasi nyingi zilizobaki. Niliandika: "Wadau, kuku hutotoa siku ya 21. Mayai yangu leo siku ya 23, kimya. Joto nyuzi 37.5, maji yapo, nageuza mara tatu kwa siku. Shida nini?" Nikabandika na picha yangu pembeni ya mashine ya kutotolea vifaranga, nimetoa kifua kama mbunge anayezindua kisima.

Mama mmoja akajibu: "Una jogoo, baba?"

Sina jogoo. Nina mitetea minane ya kisasa, na jogoo nilimkwepa kwa makusudi, kwa sababu jirani hapendi kelele za alfajiri.

Kumbe mambo yenyewe ni matamu ukiyajua. Mtetea hutengeneza yai kwa saa 25 hivi, mume awepo asiwepo. Yai hilo ni la kukaanga tu. Lakini jogoo akishapita, mbegu zake hukaa ndani ya mtetea hata wiki mbili, zikivizia kila kiini kinachoshuka. Yai la namna hiyo ukilimulika kwa tochi siku ya 7, unaona mishipa myekundu imetambaa kama mizizi ya mchicha, na katikati kidoa cheusi: jicho. Mimi nami nilimulika siku ya 7. Nikaona mwanga mtupu, nikamwambia mke wangu, "Tazama mayai yalivyotakata."

Basi, niliposoma jibu la yule mama, nikakimbilia kulifuta swali langu. Ujumbe ukiubonyeza kwa muda, unaulizwa: uwafutie wote, au ujifutie mwenyewe? Kidole kilikuwa kinatetemeka, nikajifutia mwenyewe. Hapo programu hukupa sekunde chache za kutengua. Mimi nilizitumia kushusha pumzi. Kuwafutia wote kunaruhusiwa hata siku ya pili, ila huwezi kubonyeza ujumbe usiouona. Kwa hiyo katika kundi zima, mtu pekee ambaye swali langu limemtoweka machoni ni mimi. Nikalala usingizi mzuri sana.

(Mwaka jana nilimsema shemeji kwa sauti ya kurekodi kwenye kundi ambalo shemeji yumo. Hayo yameisha.)

Hata hivyo, kundi silihami. Kuku wangu sita wa kwanza waliondoka na kideri. Ofisi ya mifugo nilikwenda mara tatu: mara ya kwanza kufuli, ya pili mtaalamu yuko semina, ya tatu nikaambiwa niandike jina kwenye daftari, na kuku nimeshawazika. Aliyenieleza habari za chanjo, tone moja jichoni na kurudia kila miezi mitatu, ni mama huyu huyu wa jogoo. Alinijibu saa sita usiku, na kesho yake alikuwa na trei zake za mayai za kupeleka sokoni. Hana mshahara wa serikali wala daftari la majina. Mimi ushuru nalipa kila nikiuza, kisha nanunua bando ili nipate kwa mama muuza mayai ushauri ambao nilishaulipia kwingine. Picha za jogoo nazicheka na wenzangu. Hilo la ofisi sijaliona linapochekesha.

Basi natafuta jogoo. Awe mzima, mwenye sauti ya chini kidogo. Na anayemuuza asiwe mwanachama wa kundi letu.