Mguu wa Mbuzi

Nilipomwambia mama mkwe kwamba Jumamosi tunampeleka bomani, aliweka chini ungo wa korosho akauliza nani kamshitaki.

"Hakuna kesi, Mama. Tunakwenda kupumzika. Tutalala siku mbili."

"Kulala?" Hapo ndipo alipotafuta pa kukaa.

Kosa lilikuwa langu. Mtu aliyekulia jirani na Naliendele huwezi kumtajia boma kwa mkato namna ile. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, Waingereza wakalirithi, na enzi zote mbili mwananchi hakupandishwa kile kilima kunywa juisi. Ni mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikuta limechakaa likalikarabati kuwa hoteli. Habari hiyo ilimpita mama mkwe. Alichobaki nacho ni kisa cha babu yake, aliyepelekwa kule kwa kodi akarudi peke yake, mbuzi wake akabaki.

"Mbuzi jike," alisisitiza. "Mwenye mimba."

Ningeweza kumpeleka baharini Msimbati, ndani ya ile hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 kuzunguka Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma. Lakini safari ya mwisho kule, gari letu dogo lilizama mchangani mpaka vijana wa wavuvi wakatutia makuti chini ya magurudumu, na yeye ndiye aliyesukuma kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa na deni.

Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita kumi tu, lakini mke wangu alifungasha kana kwamba tunahama. Jengo limekaa mlimani, jeupe, kuta nene, mnara wake ukiitazama ghuba. Watoto waliulizia intaneti kabla ya kuulizia choo. Mama mkwe alisimama mlangoni akipapasa ukuta, akagoma kabisa kuandika jina kwenye daftari la wageni.

"Hapa mtu akishaandikwa hafutwi."

Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akamwandika "Bibi", yakaisha. Usiku alikisifu kitanda, akatandika mkeka sakafuni, akala ming'oko aliyokuja nayo.

Asubuhi mke wangu na watoto walishuka mjini kuiona nyumba inayotajwa kuwa Livingstone alifikia kabla ya kuingia bara mwaka 1866. Nikajua wamekwenda wote. Nikavaa bukta, ya mtumba, ya njano, fupi kuliko umri wangu, nikaingia kwenye bwawa la kuogelea. Nilikuwa katikati ya maji nilipomwona mama mkwe akishuka ngazi za bustani na kanga zake mbili, korosho mkononi. Hakwenda. Livingstone, aliniambia baadaye, hajawahi kumtembelea yeye.

Mkwe haonwi mapaja. Nikazama mpaka shingoni. Yeye akachagua kiti, kile kile nilichoweka taulo, akakaa juu ya taulo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Maji yana baridi?"

"Hapana, Mama. Matamu."

"Basi oga."

Nikaoga. Robo saa, nusu saa, saa nzima. Yeye anatafuna korosho moja moja, bila haraka, anatazama ghuba. Vidole vyangu vilikunjamana kama vya mfua nguo. Mhudumu alipopita kuuliza kama nahitaji kitu, mama mkwe alijibu kwa niaba yangu: "Mletee chai, anatetemeka." Chai ikaja na sinia, kikombe na kisosi. Nikainywa humo humo majini, kidevu usawa wa maji, nikisema ahsante.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alirudi, akaniona, akageuka kwanza acheke vizuri, kisha akamwita mama yake wapande mnarani waone bahari. Mama mkwe akainuka taratibu, akakung'uta kanga. Alipokwisha kunipa mgongo akasema, "Toka sasa, baba. Mimi nilikuona tangu unaingia."

Siku ya kuondoka aliniomba nimsomee ankara, miwani hakuja nayo. Nikasoma polepole, kwa sauti ya chini. Akahesabu vidoleni, akarudia.

"Hao ni mbuzi wangapi?"

"Wanazidi mmoja, Mama."

"Basi babu alipata nafuu."

Tulipoteremka kilima na kushika barabara ya Mtwara, alifungua fundo la kanga. Akatoa vipande vinne vya sabuni ndogo za chumbani, pakiti za sukari na kofia ya nailoni ya kuogea, akavipanga mapajani kimoja baada ya kingine, akavitazama.

"Mguu mmoja," alisema. "Wa nyuma."